Sakitu, Kioo cha Mbele na Birika la Kambale

Jumatatu, tarehe 7 Julai. Alfajiri sakitu, umande ulioganda, imeanguka, nyeupe juu ya mabati, juu ya majani ya ukingo wa barabara, juu ya gari la mke wangu. Upepo hakuna. Jua limetoka saa moja kasoro kidogo, la kuangaza tu, la kupasha moto bado.

Hii ndiyo Jumatatu yangu ya kwanza bila kizibao cha njano. Nimeamka saa kumi vilevile, nikavaa soksi mbili mbili, ndipo nikakumbuka kwamba sina pa kwenda. Mke wangu, Mama Tumaini, akasema kutoka ndani ya blanketi, "Baba Tumaini, umestaafu. Lala." Nikamwambia gari halijastaafu. Kulipokucha nikatoka kutazama boksi nililoweka jana kwenye kioo cha mbele. Lilikuwa pale pale, na kioo chini yake safi kama sahani. Jirani wa mkono wa kushoto, mwenye gari jipya lenye kamera mbele na nyuma, alikuwa anakwangua sakitu kwa kadi ya benki. Kadi ikakatika. Akatoa nyingine. Niseme haki: hakuniuliza, nami sikumwambia. Lakini mtu mwenye kamera mbele na nyuma angeona basi hata boksi la mwenzake.

Nimekaa kuandika. Shule yangu iliishia darasa la saba huko Makete, kwa hiyo atakayekuta makosa asishangae. Ijumaa, vijana tuliokuwa tunalinda nao kiwanja cha magari walipokuwa wananiaga, Bosco, yule Mrundi anayesimama geti la juu, aliniambia, "Mzee Sanga, tuandikie namna ya kulinda magari kwenye baridi. Sisi tunasoma kwenye simu tu." Nikaguna, maana najua wanachosoma kwenye simu. Halafu mbele ya watu wote, soda mkononi, akauliza, "Na wewe mzee, miaka yote hiyo hukuwahi kufanya Kambale hata mara moja?"

Wote wakacheka. Mimi nami nikacheka.

Kwa asiyejua: pale kwetu "kufanya Kambale" ni kumwaga maji ya moto kwenye kioo chenye sakitu mpaka kikapasuka. Mlinzi mpya anafundishwa siku ya kwanza, usifanye Kambale. Ni onyo zuri, linasaidia, na ni uongo. Kambale ni mtu, yuko hai, anakaa Hillbrow, hapa hapa Johannesburg, na hajawahi kumwaga maji ya moto kwenye kioo cha mtu yeyote. Waliokuwepo siku ile wote wameondoka isipokuwa mimi, na Ijumaa nami nimeondoka. Kwa hiyo naandika mambo mawili, magari na baridi, na hilo la jina la mtu. Sijui kama yatakaa vizuri kwenye daftari moja.

Nilikuja Johannesburg kwa sababu ya mke. Yeye alizaliwa Morogoro, wazazi wake, watu wa huku, walikuwa wamekimbilia kwetu wakati wa mapambano dhidi ya ubaguzi. Nchi ilipofunguka wakarudi, nami nikafuata, Mkinga pekee duniani aliyefika mjini asifungue duka. Ndugu zangu, wenye maduka wote, hawajanisamehe. Nilipata kazi ya kulinda magari kwenye kiwanja cha ghorofa moja Braamfontein, nyumba za kupanga, wahadhiri na watu wa ofisi, magari yote nje. Hakuna paa, na mti ni mmoja tu, ambao kazi yake ni kumwaga majani kwenye ile mifereji chini ya kioo na kuwapa ndege mahali pa kunyea.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Kambale, Mkongo wa Butembo, mfupi, kofia ya sufu imeshuka mpaka kwenye nyusi. Wakongo wenzake walimwita Papa Kambale, nami nikafuata. Yeye aliniita Mutanzania, mpaka leo. Siku ya kwanza alinipa kizibao akaniuliza kama naijua baridi. Nilimjibu kwa dharau. Mimi ni mtu wa Makete. Kwetu sakitu inaunguza shamba zima la viazi asubuhi moja, na mwezi wa sita watu hawacheki hovyo maana midomo inapasuka.

"Papa, baridi nimezaliwa nayo."

"Aa, basi we ni ndugu yake," akasema. "Tutaona kama atakusalimia."

Alinisalimia wiki hiyo hiyo, huyo ndugu baridi. Nyumbani, sakitu ikianguka kwenye viazi, unaamka kabla ya jua, unachota maji ya kijito, unanyunyizia majani. Maji yanaosha sakitu, jua likija halichomi kitu. Mama yangu alifanya hivyo, bibi alifanya hivyo, na viazi vilipona. Basi asubuhi ya kwanza ya sakitu, Kambale yuko geti la juu, mimi nikavuta mpira wa maji nikaosha magari manane, mstari mzima, vioo mpaka vitasa. Niliyatazama yanavyong'aa nikajiona mtu wa maana. Baada ya dakika tano yaling'aa zaidi. Maji yalikuwa yameganda. Milango yote imeshikana kama imechomelewa, vioo vimefunikwa na barafu ya unene wa gamba la yai, na wenyewe wanaanza kushuka ngazi na mabegi yao.

Kambale akaja mbio. Akatazama magari, akatazama mpira, akanitazama mimi.

"Mutanzania. Ulikuwa unapanda nini hapa?"

"Viazi," nikasema. Ndilo neno lililotoka.

Hakucheka. Alivua kofia, jambo ambalo hakulifanya hata kanisani, akawaendea wenye magari mmoja mmoja akawaambia bomba limevuja, poleni, mtusamehe. Kiingereza chake kilikuwa kibovu kuliko changu, na changu ni kibovu. Mhadhiri mmoja mwanamke alimfokea muda mrefu sana, kwa sentensi zilizopangika vizuri. Kambale akasimama tu. Hakusema "ni huyu mpya." Walipokwisha kuondoka akaniambia, "Viazi iko na mizizi, inakunywa. Gari haikunywake." Basi. Na hakumwambia mtu mwingine. Nimeangalia: mpaka nastaafu hakuna aliyewahi kuniita Mzee wa Viazi.

Sasa kazi yenyewe. Kiwanja kile kiko katikati ya majengo marefu, na wakati wa baridi jua linapenya kwenye upenyo mmoja tu, kama mtu anayepitisha mkono kwenye dirisha la nondo. Kambale alikuwa na chaki. Kila Juni aliandika kwenye lami mahali jua linapofika saa mbili kasoro robo, saa mbili, saa mbili na nusu. Halafu alijua ratiba ya kila mpangaji kuliko mpangaji mwenyewe. Jioni wakirudi anawapanga: "Profesa, leo weka hapa, kesho uko na darasa ya asubui. Mama, wewe unalalaka, enda kule kwa kivuli." Pua ya gari anaielekeza linakotokea jua, ili kioo cha mbele kipate joto kwanza. Anayetoka kabla ya jua, boksi. Anayetoka baada yake, chaki.

Hiyo ndiyo siri nzima. Haina cha kununua, ndiyo maana watu hawakuiamini. Watu wenye digrii tatu walimwona Mkongo mwenye chaki wakadhani anawatawala. Niliwasikia kwa masikio yangu: "Kwani huyu ananipangia mimi?" Kesho yake huyo huyo amekaa ndani ya gari lenye sakitu, amewasha hita, anasubiri kitundu cha ukubwa wa chapati kifunguke ili aendeshe akichungulia kama anayelenga bunduki.

Boksi ni boksi, la ndizi likitosha, la friji ndiyo bora. Kata kwa kipimo cha kioo, weka jioni kioo kikiwa kikavu, libane kwa waipa. Usiweke gazeti. Gazeti linalowa na kuganda, asubuhi mteja anasoma habari za jana kwenye kioo chake mpaka mchana. Blanketi ni yale yale, na tena utaibiwa.

Waipa msiziinue. Najua kwenye simu wanasema ziinuliwe. Huku ukiinua waipa umemwonyesha mwizi pa kushika.

Kila Mei kuna mpangaji anashuka na mfuko mkubwa, amelinunulia gari koti. Koti! Mlinzi wake hana. Niseme haki, yako makoti mazuri, yenye kitambaa laini ndani, na likivalishwa gari safi linafanya kazi. Lakini nani analivalisha gari safi? Baridi ya huku haina mvua. Ni vumbi tu, lile la njano la vilima vya migodi, na Agosti upepo. Unaweka plastiki juu ya vumbi, upepo unaitikisa mchana kutwa, umejinunulia msasa. Vivyo hivyo yule anayepangusa gari kavu kwa kitambaa kikavu. Hapangusi, anachora.

Betri ndiyo inayokufa kwanza. Nayo haiuawi na baridi. Ilikuwa inaumwa tangu mwezi wa pili, baridi inaizika tu. Mwenyewe anawasha, anawasha, anawasha, huku redio inaimba na taa zinawaka. Mwambieni kwa adabu azime vyote, ajaribu mara moja, apumzishe, ajaribu tena. Ikikataa mara ya tatu leteni nyaya za kubustia. Rejeta isiwe na maji matupu, iwe na ile dawa yake ya rangi. Gongeni boneti kwanza, maana paka wanafuata joto la injini. Na mipira ya milango ipakeni mafuta ya mgando kidogo ili isigandane. Kambale alikuwa na kopo moja la mafuta kwa mipira na kwa midomo yetu, bila ubaguzi.

Bosco mwaka jana alinisomea ushauri kwenye simu: osha uvungu wa gari kuondoa chumvi ya barabarani. Nikamwuliza, chumvi gani, Bosco? Umemwona nani anatia chumvi barabara Braamfontein? Akasema, "Eish, mzee, imeandikwa." Imeandikwa, ndiyo, kwa watu wa theluji. Angesoma pia namna ya kufukuza dubu.

Sasa la Kambale.

Meneja wa jengo alikuwa anaishi humo humo, chini. Hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lijulikane. Ndiye aliyetuwekea soketi kwenye kibanda ili tupate chai, na Kambale akaleta birika lake kutoka nyumbani, la plastiki nyeupe, kifuniko kimefungwa na mpira wa nywele wa binti yake. Gari la meneja lilikuwa la kampuni yake. Jioni moja ya Julai aliliegesha ukutani, kona ya bomba, mahali ambapo jua halifiki mpaka saa tatu. Kambale akamwambia, "Bosi, weka huku, kesho utaganda." Meneja akasema yuko sawa. Kambale akampa boksi. Meneja akasema boksi linachafua.

Asubuhi akatoka mbio, tai begani, ana mkutano Pretoria. Mimi nilikuwa geti la chini natoa magari, mgongo wangu uko kwao, hatua kama thelathini. Nikasikia mlio, ka!, kama kijiti kikavu kimekanyagwa. Nikageuka. Niliona mvuke. Niliona kioo kimepasuka kona hadi kona. Niliona Kambale ameshika birika na meneja ameshika kichwa. Hayo ndiyo niliyoyaona, siongezi wala sipunguzi.

Kambale aliniambia baadaye, "Minamuambia ngoja, nitalisogeza kwa jua. Akaninyang'anya birika ya chai. Akamwanga. Akanirudishia mukononi."

Mchana akaja msimamizi wa kampuni yetu ya ulinzi na fomu. Meneja alikuwa ameshawaambia kwamba mlinzi ndiye amemwaga. Tukakaa watatu kibandani, msimamizi, Kambale na mimi.

"Sanga, ulimwona Kambale akimwaga maji?"

"Hapana."

"Ulimwona mtu mwingine akimwaga?"

"Hapana. Nilikuwa nimegeuka."

"Birika lilikuwa mkononi mwa nani?"

"Mwa Kambale."

"La nani?"

"La Kambale."

Akaandika. Akanisomea, nikasema ndivyo, nikatia sahihi. Nakumbuka nilijisikia vizuri. Nilidhani nimesema haki kabisa, sikumwonea meneja, sikumwonea rafiki. Kambale alikuwa amekaa juu ya ndoo ananitazama vile vile alivyoutazama ule mpira wa maji.

Maana nilijua. Wiki yangu ya kwanza, kabla hata sijajua majina ya wapangaji, huyu mtu alikuwa ameniambia, "Maji ya moto na kioo ya baridi ni mukwe na mukamwana, usibaweke chumba moja." Alikuwa anawakataza wapangaji kila mwaka mpaka wakamchukia. Mtu wa namna hiyo hamwagi. Nilisema nilichokiona. Nilichokijua sikukisema, kwa kuwa fomu haikuwa na mahali pake, na kwa kuwa niliona si haki kwa meneja. Kwa meneja! Na yeye Kambale, siku ya magari manane, hakujiuliza ameona nini. Alivua kofia.

Wiki haikuisha, akaondolewa. Msimamizi alilichukua birika ndani ya mfuko wa plastiki kama ushahidi. Kambale alipata kazi ya kukaa mlangoni kwenye ghorofa moja Hillbrow, pale kwenye korido ambapo upepo unaingia mbele na kutokea nyuma. Nilikaa muda mrefu sijaenda kumwona. Nilijiambia nina zamu nyingi.

Mwaka uliofuata wakaja walinzi wapya, na msimamizi ndiye aliyeanza: hapa hatufanyi Kambale. Wapya wakacheka, wakashika. Wenye magari wakashika. Nilitaka kusema kitu, kisha nikafikiri, vioo havipasuki tena, onyo linafanya kazi, kwa nini nilivuruge. Kwa hiyo mnaposikia mzee anawadharau watu wa koti la plastiki na kadi ya benki, mjue kwenye orodha hiyo kuna mtu mwingine, naye jina lake liko kwenye jalada la daftari hili.

Halafu meneja akahama. Alikuwa anakwenda Durban, nami nikamsaidia kupakia vitu. Alisimama akaangalia ile kona ya bomba. Akasema, "Yule mwenzako mfupi. Alinikataza, unajua. Nilikuwa nimechelewa tu."

Mimi nikasema, "Sawa, bosi."

Nikainua boksi la vyombo. Lilikuwa boksi zuri, gumu. Nakumbuka niliwaza kwamba lingetosha kioo cha mbele.

Tangu siku hiyo sikuwa tena na kisingizio cha kutoona. Na bado nimesikia "kufanya Kambale" kila baridi, na Ijumaa, kama nilivyosema, nimecheka.

Saa sita leo nimempigia simu.

"Papa, ni Sanga."

"Mutanzania! Nilisikia umestaafu. Sasa unalinda nani, mama?"

Nikamwambia nimeandika kitu, nataka kumsomea kabla sijawatumia vijana. Nikasoma yote, tangu sakitu ya leo mpaka boksi la vyombo. Ilichukua muda, maana mwandiko wangu hata mimi unanishinda. Hakunikatiza. Nilikuwa nasikia mlango wa korido yake ukijipigiza.

Nilipomaliza akasema, "Ile ya viazi uliandika magari ngapi?"

"Manane."

"Ilikuwa tisa. Umesahau ile kadogo ya mwalimu wa muziki."

Ni kweli, yalikuwa tisa. Nimeacha manane kule juu ili mwone ninavyokumbuka, na mnipime kwa hilo.

"Miaka yote hii," akasema, "ulikuwa unatafuta kalamu?"

Akaendelea taratibu, bila ukali. "Minajua wanasemaka hivyo. Binti yangu alisikia kwa taxi. Batu ya ulinzi banacheka, usifanye Kambale, usifanye Kambale. Akakuja nyumbani akaniuliza kwa Kizulu, baba, ni wewe?"

"Ukamwambia nini?"

"Hapana. Nilimuambia hapana. Lakini mutoto ataamini nani, baba yake ao taxi nzima?"

Nilimjua binti huyo akiwa na mpira wa nywele. Sasa ni mtu mzima, na miaka yote hiyo labda ameamini taxi, daladala ya huku.

"Papa, nisamehe."

"Tuma kwanza," akasema. "Kusamehe iko kazi yangu, nitajua saa yake. Na uandike vizuri birika ilikuwa yangu. Hawakunirudishiaka."

Birika lilikuwa la Kambale. Halikurudishwa.

Nimepiga picha kurasa zote, Mama Tumaini akinishikia daftari lisijikunje, tukazituma kwenye kundi la vijana wa kiwanjani. Nikakaa naiangalia simu. Wakasoma, alama zikageuka buluu moja baada ya nyingine, hakuna aliyeandika. Nilianza kufikiri nimeandika vibaya, au ni ndefu mno, au wameishia kwenye betri. Mwishowe Bosco akaandika:

"Eish, Mzee."

Kisha: "Hatukujua. Mimi nilidhani ni mtu wa hadithi tu."

Kisha, kwa kuwa Bosco ni Bosco: "Sasa tuite nini? Agosti tunapokea wapya, lazima tuwe na neno."

Nikafikiri. Kwenye kiwanja kile, kati ya walinzi wote niliowajua, aliyewahi kumwaga maji kwenye vioo vya watu ni mmoja tu, naye alimwaga kwenye tisa. Nikaandika: "Iteni Sanga."

"Kufanya Sanga?"

"Ndiyo. Na anayeuliza kwa nini, mwambieni habari ya viazi."

"Sharp, mzee." Yaani sawa.

Haikupita robo saa, kijana mmoja wa zamu ya kesho akaandika kundini kwamba baridi itaongezeka, msifanye Sanga. Nimempelekea Kambale ujumbe huo kama ulivyo. Amenirudishia picha ya kiazi, sijui aliipata wapi, na chini yake ameandika kwamba binti yake yuko karibu naye anausoma ujumbe wenyewe.

Jua lilipoanza kuinama nimekata mabiksi mawili, samahani, maboksi mawili. Moja la gari letu. La pili nimempelekea jirani wa kadi ya benki. Aligeuza mbele na nyuma, akauliza lina dawa gani. Nikamwambia halina dawa, ni boksi. Amelipokea, lakini uso wake ulikuwa wa mtu anayetafuta mahali pa kuchaji.

Jioni tumekula pap, ambayo mimi bado naiita ugali, na mboga za majani wanazoita morogo, na maharage ya jana. Nilisema maharage yamezidi chumvi. Mama Tumaini akasema hayajazidi. Nimeonja tena, amesema kweli.